Simu ya Kiatu, Koni ya Ukimya na PIN Yako

Umewahi kuona mtu akivua kiatu, akifungua soli na kuanza kupiga simu? Basi tafuta Get Smart, kipindi cha ucheshi cha Marekani kilichoanza mwaka wa 1965. Mel Brooks na Buck Henry walikibuni kuwacheka majasusi wa filamu. Jasusi wao, Maxwell Smart, ni ajenti namba 86 (sio ajenti wa kutoa pesa!), na simu yake ya siri iko ndani ya kiatu. Shida ni kwamba hulia. Katika kipindi cha kwanza kabisa inalia katikati ya tamasha la muziki, watu wakageuka. Sasa hiyo ni siri gani?

Lakini mimi nacheka zaidi na Koni ya Ukimya. Smart na mkubwa wake wakitaka kuongea mambo mazito, plastiki kubwa inashushwa kutoka juu ikawafunika vichwa ili wasisikike. Matokeo? Wao wenyewe hawasikiani, wanaanza kupigiana kelele, na mara nyingine aliyesimama nje ndiye anayesikia vizuri kuwaliko.

Juzi niliiona Koni hiyo live, kwa ajenti mtaani. Shosho mmoja alitaka kutoa pesa. Mjukuu wake, aliyeshika simu pale mlangoni, akamuuliza PIN. Shosho akaitangaza duka zima. Sote tulisikia, isipokuwa mjukuu, ambaye aliuliza tena!

PIN haisemwi, hata kwa kunong'ona. Inabonyezwa tu, na mwenyewe. Ajenti anahitaji kitambulisho na namba yako ya simu, basi. Hata sisi hatuihitaji, kwa hivyo akikupigia mtu anayejiita wa huduma kwa wateja halafu aulize PIN, kata simu. Ukiona ombi la PIN limetokea kwa skrini na hukuwa unalipia chochote, bonyeza kughairi.

Na tafadhali, usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Tarehe yako ya kuzaliwa imeandikwa kwa kitambulisho, na hicho kitambulisho unakiweka kwa kaunta kila ukitoa pesa. Mtu akikiona, kazi imeisha.

Halafu kuna simu yako yenyewe, ambayo haina tofauti sana na ile ya kiatu. Ukipokea pesa, SMS inaingia ikiwa na salio lako jipya. Kama simu iko juu ya meza na ujumbe unaonekana kabla hujaifungua, jirani ameshajua uko na ngapi. Ingia kwa mipangilio, uzime hiyo ya kuonyesha ujumbe kwenye skrini iliyofungwa.

Shosho? Tulimwonyesha mahali pa kubadilisha PIN hapo hapo. Akashika simu mwenyewe, akabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, na sisi wote, mjukuu pamoja, tukageuka kuangalia barabara.