Hatua Moja Ndani ya Mlango

Saa sita mchana, mwezi wa Oktoba, uani kwa bibi mmoja mjini Tanga, nilipiga picha tatu zikaharibika zote. Jua lilikuwa utosini. Macho yake yalizama gizani, pua ikaangusha kivuli mdomoni kama sharubu, na paji la uso likang'aa mpaka ngozi ikapotea. Nikamwomba, "Bibi, hebu tusogee hapo mlangoni." Akabeba mbuzi yake ya kukunia nazi, akakaa hatua moja ndani ya kizingiti, akaendelea na kazi.

Pale ndani mwanga ulikuwa mchache kuliko uani, lakini ulikuwa mpana. Jua, kwa ukubwa wake wote, liko mbali mno. Usoni linafika kama taa ndogo ya upande mmoja, na kivuli chake kina ukingo mkali kama kilichokatwa kwa wembe. Mlango unaotazama ua ni jambo jingine. Miali hugonga kwanza mchanga na ukuta wa jirani, ndipo ifike usoni ikitokea pande nyingi, na kivuli hufifia taratibu kutoka shavuni hadi sikioni. Kufifia huko ndiko kunakomwonyesha mtazamaji kwamba shavu ni la mviringo. Flashi ya kwenye kamera hukifuta kivuli hicho, na uso ukabaki bapa kama wa kitambulisho.

Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina uzito zaidi, na inaniuma kuona studio nyingi zikiongeza tu taa za mbele. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo, hivyo umbo lake husomeka sana kwenye mng'ao: mstari laini juu ya mfupa wa shavu, kwenye ubavu wa pua, kwenye taya. Dirisha pana la pembeni huutandaza mng'ao huo. Flashi huacha doa jeupe katikati ya paji. Kamera nayo hukosea. Kipima mwanga chake hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa kijivu cha kati. Ukuta mweupe ukijaa kwenye picha, hupunguza mwanga, na uso unakuwa giza. Pima usoni, ukuta uache uwe mweupe utakavyo. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo.

Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, kwa kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18, shuka la kitandani kwake likiwa pazia la nyuma. Nyuso zile bado zinapumua.

Nilimgeuza bibi kidogo kidogo mpaka upande wa giza ukabakiwa na pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Mkao huo wapigapicha wameupa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Kivuli kilikuwa bado kizito, basi mjukuu wake akashika shuka jeupe karibu na shavu lile, na jicho likafunguka.

Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwake. Ukiikaribia, utaona ndani ya kila jicho mlango mdogo mweupe, na kwenye ukingo wake kivuli cha mtu aliyeinama na kamera.