MVUA YAJA: JE, MATAIRI YAKO YASEMAJE?

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hapa Kenya mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, na mvua fupi Oktoba hadi Desemba. Mawingu yakitanda, mama huanua nguo na mkulima hutafuta mbegu. Mwenye gari naye hufanya nini? Wengi hufunga madirisha tu, basi!

Pengine wasema, "Mimi ni mwanafunzi, gari sina." Sawa, lakini sisi wa shule ya kutwa hupanda matatu asubuhi na jioni. Maisha yetu yako juu ya matairi manne, na sehemu ya kila tairi inayogusa barabara ni kama kiganja cha mkono tu.

Tuanze na meno ya tairi. Kazi yake kubwa ni kuondoa maji. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 kwa kila sekunde. Mifereji kati ya meno hupitisha maji kando ili mpira ushike lami. Tairi likiwa kipara, maji hayana pa kwenda. Huliinua tairi na gari huelea kama mtumbwi. Hapo usukani huwa mwepesi na breki hazishiki. Msuguano ule tunaofundishwa katika fizikia umekwisha!

Utajuaje kwamba meno yamekwisha? Chungulia ndani ya mifereji. Kuna vinundu vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakiwa sawa na vinundu hivyo, tairi ni la kutupwa. Lakini wakati wa mvua usingoje hadi hapo. Wataalamu wengi hushauri libadilishwe likibakia na milimita 3.

Sasa twende dukani. Usimwambie muuzaji, "Nipe tairi la gari dogo." Soma maandishi yaliyo ubavuni. Tuseme ni 195/65 R15 91H. 195 ni upana kwa milimita. 65 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni alama ya uzito, yaani kilo 615 kwa tairi moja, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Saizi inayofaa gari lako huandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva, pamoja na kiasi cha upepo.

Je, ukiweka saizi nyingine kwa sababu ni ya bei nafuu? Hebu tupige hesabu. Tairi la 195/65 R15 lina kipenyo cha milimita 634.5. Lile la 205/70 R15 lina milimita 668. Rimu ni ile ile, lakini tairi ni kubwa zaidi kwa asilimia 5 hivi. Mshale ukionyesha 80, gari linakwenda 84! Tena laweza kukwaruza bodi ukikata kona.

Angalia umri pia. Tafuta herufi DOT, kisha nambari nne za mwisho. 3524 ni juma la 35 la mwaka 2024. Ukikuta nambari tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, kwa hivyo liamkie "Shikamoo" uende zako! Mpira mzee hukauka na kupasuka hata kama meno yangalipo. Jihadhari hasa na tairi la mtumba lililopakwa rangi likang'aa, au lililochongwa meno upya kwa kisu. Kuchonga hakuongezi mpira, bali hupunguza ule uliobaki. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Najua pesa ni shida. Mjomba wangu ana teksi, na mwaka jana uwezo wake ulikuwa wa matairi mawili tu. Alitaka yafungwe mbele. Fundi akamwambia, "La, mzee, mapya yaende nyuma." Mjomba akabisha, "Lakini usukani uko mbele!" Fundi akamweleza kwamba magurudumu ya mbele yakiteleza, dereva huhisi kwenye usukani, akaondoa mguu kwenye mafuta na gari likatulia. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka ghafla na kutazama lilikotoka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Mjomba alikubali. Masika yote alitubeba salama.

Mwisho, upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwani tairi likipata joto kipimo hupanda. Dereva naye apunguze mwendo, hasa mvua ya kwanza inaponyesha, maana vumbi na mafuta ya barabarani huchanganyika na maji, lami ikateleza kama sabuni.

Wasomaji wenzangu, kesho mkiwa stejini mkingoja matatu, inameni kidogo mtazame meno ya matairi. Likiwa kipara, mwacheni manamba apige kelele zake, ninyi mngoje jingine. Heri kuchelewa gwaride kuliko kutofika kabisa. Tahadhari kabla ya hatari!