Je, wajua? Ua la uani linalotoa dawa ya saratani

Je, wajua kwamba sindano inayotumika duniani kote kutibu saratani ya damu kwa watoto inatokana na ua linalojiotea lenyewe kwenye nyufa za sementi, kandokando ya makaburi na mbele ya nyumba nyingi za Pwani? Wauza miche huliita vinka. Wataalamu wa mimea huliita Catharanthus roseus. Ni mmea mfupi, mara nyingi haufiki mita moja, wenye majani yanayong'aa yaliyokaa mawili mawili, kila jani na mshipa mweupe katikati. Maua yake yana petali tano, ya waridi au meupe yenye jicho jekundu. Unastahimili jua na ukame, hauchagui udongo, na mifugo kwa kawaida huukwepa.

Mifugo ina sababu. Mmea hauna miguu ya kukimbia, hivyo hujilinda kwa kemia. Vinka hutengeneza zaidi ya aina 130 za alkaloidi, yaani kemikali kali zenye ladha chungu zinazowadhuru wadudu na wanyama wanaoutafuna. Mbili kati ya hizo ndizo zinazotuhusu. Katharantini hutolewa nje na kukaa kwenye nta inayofunika jani, na vindolini hubaki ndani ya seli za jani. Zikiungana huzaa vinblastini, na kutokana nayo vinkristini. Hizi mbili ndizo dawa.

Ila mmea huziweka mbali hizo kemikali mbili za mwanzo, na kinachokutana ni kidogo mno. Ili kupata gramu moja ya vinblastini huhitajika takriban kilo 500 za majani makavu. Gramu moja ya vinkristini huhitaji takriban kilo 2,000. Dozi ya vinkristini kwa mara moja kwa kawaida haizidi miligramu 2, maana yake sindano moja ya mtu mzima imebeba dawa ya kilo nne za majani yaliyokaushwa.

Asili ya vinka ni Madagaska, lakini kisa cha dawa zake kinaanzia kwenye kisiwa kingine. Huko Jamaika watu walichemsha majani yake na kunywa maji yake wakiamini yanashusha sukari mwilini. Mwaka 1952 bahasha yenye majani 25 ilitumwa kutoka huko hadi kwa Dk. Clark Noble wa Toronto, Kanada, naye akampelekea mdogo wake, Robert Noble, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert aliwanywesha panya dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye majani hayo. Sukari yao haikutikisika. Akawadunga. Baada ya siku chache panya wakaanza kufa, miili imejaa majipu. Alipopima damu yao alikuta chembechembe nyeupe zimeporomoka, na uboho unaozizalisha umedhoofika. Bakteria walikuwa wameingia mwilini na hakuna wa kuwazuia.

Kisukari kikawekwa kando. Lukemia ni ugonjwa wa chembechembe nyeupe zinazozaliana ovyo, na hapa palikuwa na kitu kinachozipunguza. Mwanakemia Charles Beer, mzaliwa wa Uingereza, alijiunga na Noble mwaka 1954, na mwaka 1958 wakatangaza kwamba wameitenga vinblastini ikiwa safi. Wakati huohuo kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyoanza na uvumi uleule wa kisukari, iligundua kwamba dawa ya majani hayo inarefusha maisha ya panya wenye lukemia. Timu ya Gordon Svoboda ikafikia vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Dawa hizi zinafanyaje kazi? Seli inapotaka kugawanyika kuwa mbili, hujenga vijibomba vyembamba sana vya protini iitwayo tyubulini. Vijibomba hivyo huvuta kromosomu, nusu upande huu na nusu upande ule. Hujengwa na kubomolewa kila vinapohitajika, kama mirunda ya mafundi ujenzi. Vinblastini na vinkristini huishika tyubulini isiweze kuungana. Kromosomu zinabaki zimejipanga katikati bila wa kuzivuta, seli inakwama hapo, mwishowe inakufa. Seli za saratani hugawanyika bila kupumzika, kwa hiyo ndizo zinazonaswa kwa wingi.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Kiafrika. Uvimbe huo, ambao leo unajulikana kama limfoma ya Burkitt, unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Meno hulegea, jicho husukumwa nje, na kisu cha upasuaji hakikufua dafu. Burkitt akageukia dawa, na katikati ya miaka ya 1960 vinkristini ilikuwa miongoni mwa zile alizozijaribu. Uvimbe unaokua haraka namna hiyo una seli nyingi zinazogawanyika kwa wakati mmoja, hivyo uliyeyuka haraka vilevile. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa hapohapo Mulago. Mpaka leo vinkristini huchanganywa na dawa nyingine kutibu limfoma hiyo, lukemia ya watoto na uvimbe wa figo za watoto. Katika nchi tajiri, lukemia iliyokuwa ikiwaua karibu watoto wote kabla ya dawa hizi sasa inapona kwa takriban watoto tisa kati ya kumi.

Hata hivyo, sumu haikuacha kuwa sumu kwa sababu imeingia hospitalini. Mishipa ya fahamu nayo hutumia vijibomba vya tyubulini kusafirishia mahitaji yake, na vinkristini huvivuruga. Mgonjwa huhisi ganzi kwenye vidole, hushindwa kufunga vifungo vya shati, huburuta miguu anapotembea, hufunga choo kwa siku kadhaa. Ikivuja nje ya mshipa wa damu, huunguza nyama. Ikidungwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, huua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, na iwekwe onyo la wazi kwamba ni ya mshipa wa damu peke yake.

Kilichoufanya mmea huu kuwa tiba, basi, ni kutengwa kwa kemikali moja, kupimwa kwa miligramu na kuelekezwa njia inayofaa. Kisa cha mmea mwingine, wa Milima ya Shimba, Kwale, Kenya, kinaonyesha hilo vizuri zaidi. Katika miaka ya 1970 tani kadhaa za kichaka kiitwacho Maytenus buchananii zilikatwa huko kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Ndani yake mlikuwa na maitansini, kemikali ambayo kwanza ilipatikana kwenye jamaa wa kichaka hicho kutoka Ethiopia, na ambayo nayo huivamia tyubulini. Maabara zilishangilia, kwani ilikuwa kali kuliko vinkristini mara nyingi. Wagonjwa walipopewa, walitapika, waliharisha na kuishiwa nguvu, na majaribio yakasimamishwa.

Miongo ikapita. Wanasayansi wakachukua dawa ya jamii hiyohiyo, safari hii ikianzia kwa bakteria wanaokuzwa kwenye matangi, wakaifunga kwenye kingamwili inayotafuta alama maalumu juu ya seli za aina moja ya saratani ya matiti. Kingamwili huipeleka sumu hadi ndani ya seli husika, na huko ndiko inakofunguliwa. Mwaka 2013 dawa hiyo, Kadcyla, iliidhinishwa Marekani. Kemikali iliyokuwa kali mno kumwagwa mwilini mzima ikapata kazi baada ya kupewa anwani.

Vinka nayo inahamia kwenye matangi. Mwaka 2022 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark walitangaza kwamba wameingiza jeni za mmea huo kwenye hamira, ikapitia hatua zaidi ya 30 za vimeng'enya na kutoa katharantini na vindolini, ambazo ziliunganishwa maabara kuwa vinblastini. Njia hiyo ikifika viwandani, uhaba wa dawa hizi ambao umewahi kuzikumba hospitali huenda ukapungua. Madagaska, mama wa mmea, haikupata mgawo katika faida ya dawa zilizotokana nao; Itifaki ya Nagoya kuhusu haki za nchi zenye mimea ilikuja mwaka 2010, ua likiwa limeshasambaa dunia nzima.

Sasa, je, uchemshe majani ya uani kwako? Hapana. Dawa hizi zikinywewa hufyonzwa vibaya, ndiyo maana hospitali huzipitisha kwenye mshipa wa damu. Kiasi chake hutofautiana kati ya mmea na mmea, na pamoja nazo kuna alkaloidi nyingine zaidi ya mia. Anayekunywa kikombe hicho hajui amekunywa nini wala kiasi gani.

Lakini ipo faida ya mimea isiyohitaji maabara, na aliyeitangaza kwa sauti kubwa ni Burkitt yuleyule. Miaka yake ya Uganda ilimwonyesha kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ya kawaida Uingereza, ilikuwa nadra kwa watu waliokula viazi, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Akahubiri nyuzinyuzi za chakula mpaka uzeeni, na tafiti za baadaye zimeunga mkono kwamba nyuzinyuzi na nafaka nzima hupunguza hatari ya saratani hiyo. Chakula hupunguza uwezekano wa kuugua. Uvimbe ukishaota, hakiuondoi.

Kwa aliye kwenye matibabu, jambo moja ni la lazima: amtajie daktari kila anachokunywa, mitishamba ikiwemo. Vinkristini huvunjwavunjwa na ini, na hata dawa ya kawaida ya fangasi kama itrakonazoli inaweza kulizuia ini lisifanye kazi hiyo, dawa ikarundikana mwilini na kuharibu mishipa ya fahamu. Mzizi usiojulikana unaweza kufanya hivyohivyo, na daktari asiyeambiwa hana namna ya kupunguza dozi.