Paka Wako Anaumwa? Mtazame Usoni

SILVER SPRING, Maryland – Kwetu Lamu na Unguja, paka ni wa mtaa mzima. Anakula vichwa vya samaki sokoni, analala barazani, na akichechemea kila mpita njia anamwona. Hapa Silver Spring, jirani kabisa na Washington, sisi tuliohamia tunamfungia ghorofani mchana kutwa. Akiumwa, hana shahidi ila mwenye nyumba.

Naye ni bingwa wa kuficha maumivu. Hata ule mkoromo wake tunaoupenda si ushahidi wa raha, kwani paka hukoroma pia akiwa na hofu au maumivu.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa paka. Mambo ni matano: masikio yamegeukia nje na kushuka, macho yamebanwa, mdomo na pua vimekazana, sharubu zimenyooka kuelekea mbele, na kichwa kimeinama chini ya mabega. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, huenda anahitaji dawa ya maumivu. Mpime akiwa macho na ametulia, si akila wala akijilamba.

Tazama na mwili wake pia. Paka aliyejikunyata huku mgongo umepinda, anayejificha chini ya kitanda, aliyeacha kurukia kiti alichokizoea, au anayejilamba mahali pamoja hadi manyoya yanatoka, huyo ana jambo.

Hatari kubwa ni kwa dume. Akiingia kwenye sanduku la mchanga mara kwa mara, akajikamua na mkojo usitoke, huenda njia imeziba. Anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Usisubiri asubuhi.

Tunajua daktari wa wanyama huku ni ghali, na wengi wetu kila mwezi tuna fedha za kutuma nyumbani. Ndiyo maana mtu hushawishika kufungua kabati la dawa. Ndugu msomaji, usimpe paka Panadol, ambayo huku huuzwa kwa jina la Tylenol. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Damu yake hushindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja tu chaweza kumuua.

Lililo rahisi ni kumrekodi kwa simu anavyokaa na anavyotembea, kisha umpigie daktari na kumweleza dalili. Mbele ya daktari paka huganda kwa woga, na picha hizo zitamweleza mengi. Nanyi mlioko nyumbani, dalili ni hizo hizo. Mwoneni daktari wa mifugo aliye karibu nanyi.