Kigae Kisichokunywa Maji

Ukienda Tunduma kununua marumaru za baraza, geuza kigae kimoja na udondoshe tone la maji mgongoni mwake. Endelea kujadiliana bei kwa dakika kumi, kisha utazame. Tone likinyonywa na kuacha doa, hicho ni kigae cha ukuta wa jikoni. Likibaki juu vilevile, huenda umeshika poseleni. Kwa kipimo cha kimataifa, poseleni hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Vigae vingi vya ukutani huvuka asilimia 10.

Isongole kipimo hicho kina maana kubwa. Mvua hapa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na baraza ndipo tunapopokea wageni, tunapopukuchua mahindi, tunapovua buti zenye tope. Kwa hiyo naomba sana, acha zile zinazong'aa kama kioo. Ni nzuri sebuleni, lakini nje, zikilowa, zitamwangusha bibi yako. Chukua zenye uso mkavu unaokwaruza kidogo kiganjani. Kama boksi limeandikwa R11, hiyo inafaa.

Sasa tatizo lenyewe. Saruji ya kawaida hushika kigae kwa kupenya kwenye vitundu vyake na kugandia humo. Poseleni karibu haina vitundu. Sifa ileile uliyoilipia ndiyo inayoifanya ibanduke, na fundi aliyezoea rojo la saruji tupu hana kosa la uvivu. Anatumia njia iliyofaa vigae vya zamani. Mnunulie gundi ya unga ya marumaru, mfuko ulioandikwa C2, hata kama bei inauma. Humo mna viambato vinavyoshika hata pasipo vitundu.

Tena gundi isiwekwe mafungu matano, manne pembeni na moja katikati. Chini ya kigae hubaki mapengo, maji ya mvua hujikusanya humo, na siku gunia la mahindi linapotua kwenye kona isiyo na kitu chini yake, kona hukatika. Gundi itandazwe kwa mwiko wenye meno sakafuni, ipakwe nyembamba mgongoni mwa kigae pia, kisha kigae kikandamizwe kwa nyundo ya mpira. Baada ya kulaza viwili vitatu, king'oe kimoja uone: mgongo wote uwe umeshika gundi.

Jamvi la zege lenyewe lipewe wiki nne likomae, na liwe na mteremko wa sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea uani. Baraza la mita 2, basi, litashuka sentimita 3; jicho halioni, maji yanajua. Kati ya vigae acha milimita 5. Ukutani acha sentimita 1 na uijaze silikoni badala ya saruji, kwa sababu jua la mchana hutanua sakafu na baridi ya usiku wa Juni huirudisha.

Kazi hii ifanyike kiangazi. Gundi ikishakauka, pita na mpini wa bisibisi ukigonga kigae kimoja kimoja, kona zote nne. Kinacholia kama debe tupu king'olewe na kulazwa upya kabla fundi hajapokea salio lake.