Acheni Kuhesabu Megapikseli

Kila tetesi za kamera mpya zinapoanza kuvuma, swali la kwanza kwenye makundi ya wapiga picha, wa harusi hadi wa mbugani, ni lile lile: hii itakuja na megapikseli ngapi? Watu hubishana usiku kucha, na anayenong'ona namba kubwa ndiye anayepokewa kama mleta habari njema.

Swali hilo limechuja zamani, na watengenezaji wenyewe wanalijua. Canon ilipotoa EOS R1 mwaka 2024, kinara wa kamera zake zisizo na kioo cha ndani, iliipa megapikseli 24.2. Mwaka mmoja kabla yake, Sony ilitangaza A9 III yenye megapikseli 24.6. Si kwamba kampuni hizo hazina uwezo wa kwenda juu. Canon ilikuwa na kamera ya megapikseli 50 tangu 2015, na Sony ilifika 61 mwaka 2019. Iweje basi kamera ya bei mbaya namna hiyo ibebe namba ambayo mwanafunzi wa chuo anaipata kwenye kamera ya mtumba?

Jibu linaanza na hesabu ya darasa la saba. Megapikseli hupima eneo, yaani upana mara kimo. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo. Ukihama kutoka 24 kwenda 33, upana unafika 7,000 na ushei: ongezeko la asilimia 17, ambalo jicho la mtu aliyekaa mbele ya picha mbili zilizosafishwa kwa ukubwa mmoja litahangaika kuliona. Anayetaka undani uongezeke maradufu lazima afike megapikseli 96. Tangazo linasema "tisa zaidi" na mteja anasikia kamera iliyo bora kwa theluthi nzima.

Halafu zinakwenda wapi hizo pikseli? Picha ya wima ya Instagram yenye pikseli 1,080 kwa 1,350 haifiki hata megapikseli moja na nusu. Televisheni ya 4K ina 8.3. Albamu ya harusi? Ukisafisha picha ya megapikseli 24 kwa nukta 300 kwa kila inchi, unapata karatasi ya sentimita 50 kwa 34, na kurasa nyingi za albamu hazifiki hapo.

"Lakini mteja akitaka bango la barabarani je?" Hoja hii haifi. Bango hutazamwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara au ndani ya gari linalokimbia, kwa hiyo halihitaji nukta 300 kwa inchi. Kwa umbali huo 25 zinatosha. Bango la upana wa mita 6 kwa kiwango hicho linataka pikseli 5,900 hivi. Kamera ya megapikseli 24 inazo 6,000. Na anayeona hesabu hiyo ni ya kinadharia akumbuke mwaka 2015, Apple ilipotundika mabango makubwa katika miji mingi duniani yenye picha zilizopigwa kwa iPhone 6. Simu hiyo ilikuwa na megapikseli 8.

Imani hii inalishwa zaidi na simu. Mtu ana Samsung Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023, imeandikwa megapikseli 200, anajiuliza kwa nini kamera ya mamilioni ina 24 tu. Pikseli moja kwenye kihisi cha simu hiyo ina upana wa mikroni 0.6. Kwenye kamera ya megapikseli 24 yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, pikseli ina mikroni 6 hivi, ikiwa na eneo la karibu mara 100 la kupokelea mwanga. Simu yenyewe inaujua udhaifu wake: katika matumizi ya kawaida huunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.5 hivi. Mtengenezaji anakuuzia 200, programu yake inakupa 12, na mnunuzi anaendelea kutamba na 200.

Baya kuliko hilo ni zile kamera za bei chee zinazouzwa mtandaoni zikiwa zimechapwa "48MP" usoni. Nyingi zina kihisi kidogo kama cha simu ya zamani, halafu programu inazivuta pikseli chache zilizopo mpaka zifike 48. Hakuna undani ulioongezeka. Aliyeinunua kwa ajili ya kuanzia kazi ya harusi amepoteza pesa, na hana namna ya kulisahihisha hilo kwa mpangilio wowote kwenye menyu.

Uvumi wa upande wa pili nao ufe hapa hapa: si kweli kwamba pikseli nyingi ndizo zinazoleta chenga. Vihisi viwili vya ukubwa mmoja na teknolojia moja, picha zake zikitazamwa kwa ukubwa sawa, hutofautiana kidogo sana kwa chenga. Tatizo la namba kubwa liko kwingine. Ukifunga lenzi hadi f/8, mwanga unaopita kwenye tundu hilo hutawanyika na kila nukta huwa kiduara cha mikroni kama 10.7. Pikseli ya kamera ya megapikseli 61 ina mikroni 3.8, hivyo kiduara kimoja kinafunika karibu pikseli tatu kwa upana. Kwa f/16 kiduara hicho ni maradufu. Mpiga picha wa mandhari anayefunga lenzi mpaka huko amelipia undani ambao fizikia imeshaufuta kabla haujafika kwenye kihisi.

Kisha kuna uhifadhi. Faili ya RAW isiyobanwa ya megapikseli 61 ni takriban MB 122. Ya 24 ni MB 48. Piga picha 2,000 kwenye harusi moja na tofauti ni GB 244 dhidi ya 96, kabla hujatengeneza nakala ya pili ya akiba, ambayo lazima uwe nayo.

Wapo wanaozihitaji kweli: wanaonakili nyaraka na michoro kwenye makumbusho, wapiga picha wa mitindo na matangazo, na watu wa wanyamapori. Aliyeko Serengeti na chui aliye mbali mno hawezi kumsogelea kwa miguu, hivyo hukata picha baadaye, na hapo megapikseli 45 zinamfaa. Asisahau tu kwamba saa saba mchana hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini huwa imeshaivuruga picha kabla haijagusa lenzi.

Jambo la kuliombea kwenye kamera zijazo ni kasi ya kihisi kusomwa. Kamera isiyo na kioo inapopiga kimya, bila shata ya mitambo, kihisi chake husomwa safu kwa safu kutoka juu hadi chini, kama kondakta anayehesabu abiria mmoja mmoja huku wengine wanapanda na kushuka. Safu ya mwisho inaposomwa, tukio limeshasogea. Kwenye Sony A7R IV, ile ya megapikseli 61, kazi hiyo huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, na fimbo ya mpiga ngoma hutoka imepinda. Kwenye Nikon Z9 ya mwaka 2021 huchukua takriban sehemu moja ya 270, ndiyo maana Nikon ilithubutu kuiondoa kabisa shata ya mitambo. Kwa teknolojia ile ile, kila safu unayoongeza ni muda unaoongeza. Wanaoshangilia megapikseli zaidi wanaomba, bila kujua, kamera ya polepole zaidi.

Hili linawagusa wapiga picha wa kumbi kuliko wanavyodhani. Taa duni za LED kwenye umeme wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na skrini za jukwaani huchezacheza kwa kasi zao zenyewe. Kihisi kinachosomwa polepole hunasa baadhi ya safu mwanga ukiwa juu na nyingine ukiwa chini, na uso wa bibi harusi unapata mistari myeusi ambayo haiondoki kirahisi kwenye kompyuta. Mpiga picha anarudi kwenye shata ya mitambo, kisha inalia ndani ya msikiti uliotulia, pale pale bwana harusi anapotamka kukubali.

Sony A9 III ndiyo iliyoonyesha njia: safu zake zote hunasa mwanga kwa mpigo mmoja. Hakuna kupinda, na flashi hufanya kazi kwa kasi yoyote hadi sehemu moja ya 80,000 ya sekunde. Chukua jua la mchana kwa ISO 100: f/16 hutaka takriban 1/100, kwa hiyo ukifungua hadi f/2 ili nyuma pafifie unahitaji 1/6400. Kamera nyingi huishia 1/200 au 1/250 kwa flashi ya kawaida. Hapo ndipo watu hubeba vichujio vyeusi, au hutumia flashi kwa namna inayoinyonya nguvu zake. Gharama ya A9 III nayo ipo: ISO yake ya chini ni 250, na kwenye vivuli vizito haina akiba kama wenzake wa kawaida. Ombi la maana, basi, ni kasi ile bila kasoro ile, katika kamera ya bei ya mtu anayeishi kwa kupiga harusi. Nikon Z6III ya 2024, yenye kihisi kinachosomwa haraka kuliko vya kawaida, ni nusu ya safari.

Mengine kwa haraka. Grafu ya mwanga ionyeshe kilichomo kwenye RAW. Ya sasa katika kamera nyingi hutokana na JPEG, hivyo inakudanganya kuhusu shela nyeupe kando ya ngozi nyeusi. Google ilianza kushughulikia ngozi nyeusi kwenye simu zake mwaka 2021 kwa Real Tone, na watengenezaji wa kamera hawana kisingizio. Kumbukumbu ya ndani iwe ya kawaida: Hasselblad X2D 100C ya 2022 ina terabaiti nzima. Betri bado, kwani Nikon D850 ya kioo ilipimwa picha 1,840 kwa chaji moja na Sony A7 III 710. Kuchaji kwa USB-C kumekuwa lazima katika Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2024, na ni nafuu kwa anayekatikiwa umeme akiwa na pawabenki. Sahihi ya kidijitali ya kuthibitisha picha, iliyoanza na Leica M11-P mwaka 2023, ni muhimu kwa wanahabari lakini haijakomaa: Nikon ilibatilisha vyeti vyake mwaka 2025 baada ya mwanya kugundulika.

Mwenye kamera nzima ya megapikseli 24 abaki nayo, anunue lenzi ya 85mm f/1.8 na betri ya pili. Wa wanyamapori mwenye uwezo aangalie Nikon Z8. Anayenunua kamera leo, ya mtumba au mpya, aiweke kwenye shata ya kimya, aizungushe haraka mbele ya fremu ya mlango chini ya taa za dukani na kupiga picha kadhaa. Mlango ukilala au mistari ikitokea, kamera hiyo haifai kazi ya ukumbini kwa ukimya, hata ikiwa na megapikseli 61.