Tetini ya biberoni ibadilishwe wakati gani?

Tetini nyingi zinazouzwa madukani, Birere na kwingine mjini Goma, ziko na namba: 1, 2 ao 3. Namba inaonyesha maziwa yanatoka kwa kasi gani. Wamama wengi wanafuata miezi iliyoandikwa kwenye paketi, lakini kila kiwanda kiko na kipimo chake. Wa kuangaliwa ni mtoto mwenyewe.

Tetini ikiwa ndogo kwake, mtoto ananyonya zaidi ya nusu saa, anakasirika, tetini inabonyea, ao analala kwa uchovu mbele ya kushiba. Kwanza legeza kidogo mfuniko, maana ukikazwa sana maziwa hayashuki vizuri. Ikiwa bado, jaribu namba inayofuata. Maziwa yakimwagika pembeni ya mdomo, ao mtoto akikohoa na kupaliwa, rudisha ile ndogo. Anayeshiba vizuri na namba 1 anaweza kubaki nayo, hata akifika miezi 6.

Hatari kubwa ni kupanua tundu kwa sindano ao wembe, hasa ili uji upite. Mtoto anaweza kupaliwa, na kipande cha mpira kinaweza kukatikia mdomoni. Uji unaanza kwa miezi 6, na unalishwa kwa kijiko.

Tetini iliyopasuka ao inayonata itupwe. Kwa sababu ya kolera, osha biberoni na tetini kwa sabuni, kisha chemsha.

Anayenyonya ziwa la mama hahitaji namba: OMS inashauri ziwa peke yake miezi 6 ya kwanza. Mtoto anayepaliwa kila mara, ao asiyeongeza kilo, apelekwe kituo cha afya.